Shajara ya mradi: tovuti ya ajira ya Katuba na vidakuzi vyake

Jumatatu

Chama cha vijana hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, kimetukabidhi tovuti yake ya ajira. Kijana anajiandikisha, anapandisha wasifu wake, na kampuni ndogondogo zinazochukua kazi za migodini, kuanzia hapa Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, zinapitia orodha na kumwita anayezifaa: fundi umeme, dereva wa lori, mchomeleaji, mpishi wa kambi. Aliyeijenga alitumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, na kiolezo cha kununua, kisha akahama mji. Tulichoombwa kwa maandishi ni kitu kimoja tu: tuweke "lile tangazo la vidakuzi kama la tovuti za Ulaya", maana mfadhili ameuliza kwa nini halipo. Vidakuzi, au "cookies", ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari cha mgeni ili imtambue akirudi; tangazo hilo humwomba mgeni ruhusa ya kuyaacha.

Kabla ya kutangaza nilitaka kujua kinachotangazwa ni nini. Kwenye kivinjari cha Chrome nimefuta vidakuzi vyote, nikabonyeza F12 kufungua zana zake za ndani, nikaenda sehemu ya vidakuzi, nikaandika anwani ya tovuti. Sikubofya chochote zaidi. Orodha ikajijaza yenyewe: `_ga` cha Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni, ambacho kikiachwa na mipangilio yake ya kawaida huishi miaka 2, `_fbp` cha pikseli ya Facebook, ile alama yake ya kufuatilia wageni kwa ajili ya matangazo, siku 90, vingine vya YouTube, kwa sababu ukurasa wa mwanzo una video ya mwenyekiti akiwakaribisha wageni, na mwishoni `PHPSESSID`, ambacho kati ya vyote ndicho pekee kilichotoka kwenye seva yetu, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Zaidi ya hapo, herufi za ukurasa zinavutwa kutoka Google Fonts. Hizo haziachi kidakuzi, lakini kila anayefungua ukurasa, anwani yake ya IP, ile namba anayotambulika nayo mtandaoni, inafika huko.

Nimemuuliza Papa Katibu wa chama ni nani anayesoma takwimu za Google Analytics. Akacheka. "Neno la siri aliondoka nalo yule kijana aliyeijenga." Na pikseli ya Facebook? Chama hakijawahi kulipia tangazo hata moja huko. Basi vijana wa Katuba wanafuatiliwa mtandaoni wakitafuta kazi, na hapa Katuba hakuna hata mmoja anayeziona hizo nyayo.

Jumanne

Umeme umekatika tangu asubuhi, umerudi saa kumi jioni. Muda huo nimeutumia kuandika kwa kalamu ukurasa wa maelezo ulioombwa na kamati. Nauweka hapa kama ulivyo, maana nitauhitaji tena.

Seva ya tovuti haina kumbukumbu ya mgeni. Ukifungua ukurasa wa kwanza kisha wa pili, kwake hayo ni maombi mawili kutoka kwa watu wawili asiowajua. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi Netscape, alipata njia: seva inakipa kivinjari maandishi mafupi, na kivinjari kinayarudisha kila kinapokuja tena. Ni kama namba unayopewa ukiacha mzigo wako kwa mlinzi: namba yenyewe haisemi chochote juu yako, mzigo uko ndani kwake. Kwa hiyo anayeuliza "kidakuzi kina nini ndani?" mara nyingi ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni nini kilichohifadhiwa upande wa seva, nani anakifungua, na kitakaa huko hadi lini.

Tatizo linaanza ukurasa mmoja unapoita vitu kutoka seva nyingi. Kila moja inaweza kukupa namba yake. Kampuni ambayo kitufe chake au video yake imepachikwa kwenye maelfu ya tovuti inakuona ile ile namba kila mahali: asubuhi unasoma habari za mpira, mchana unatafuta dawa ya kisukari, jioni unatafuta kazi.

Vivinjari vimeanza kulikabili hilo, kila kimoja kwa mwendo wake. Safari, kivinjari cha Apple, ilizuia vidakuzi vya wahusika wa nje mwaka 2020. Firefox tangu 2022 inavitenga, kila tovuti na chungu chake. Google ilisema kwa miaka kwamba Chrome nayo itaviondoa, halafu Julai 2024 ikageuka, na vimebaki. Simu ninazoziona mikononi mwa vijana hapa ni Android, na ndani yake Chrome. Hata wangekuwa na kivinjari kingine, `_ga` na `_fbp` huandikwa kwa jina la tovuti yetu wenyewe. Skripti, zile amri zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, inatoka nje; kidakuzi kinaonekana cha nyumbani. Anayezuia vya nje tu hajavigusa hivyo viwili.

Jumatano

Kikao kifupi. Papa Katibu: "Kijana, sheria ya Ulaya inatuhusu nini sisi wa Katuba?"

Swali zuri, na jibu langu lilikuwa kwamba hatuna haja ya kwenda Ulaya. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Kanuni ya Kidijitali, ile amri-sheria namba 23/010, ambayo ina sehemu nzima ya taarifa binafsi: mtu ana haki ya kujua ulichonacho juu yake, kukirekebisha, kukufanya ukifute. Hiyo ndiyo inayotubana, mfadhili awepo asiwepo.

Ulaya wanatufaa kwa jambo lingine: wamekwisha kugombana mahakamani juu ya haya matangazo, tunaweza kusoma ugomvi wao bure. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya Planet49, ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama kabla mgeni hajafika si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulikuwa bofyo moja na kukataa kulikuwa safari. Na sheria yao tangu mwanzo ina mlango ambao wengi wanaupita bila kuuona: kidakuzi ambacho huduma haiwezi kwenda bila hicho, kama cha kuingia kwenye akaunti, hakihitaji kuombewa ridhaa. Unakieleza tu.

Nikawaambia wanakamati: hebu tuondoe kila kinachohitaji kuombewa ruhusa, tuone kama tangazo lenyewe litakuwa na kazi.

Papa Katibu hakufurahi. Mfadhili anataka kuona tangazo. Nami nataka kuona orodha tupu. Tumeachana hapo.

Alhamisi

Siku ya kung'oa. Pikseli nje. Google Analytics nje. Fonti nimezipakua na kuziweka kwenye seva yetu. Januari 2022 mahakama moja ya Munich iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100 kwa sababu ya hizo hizo fonti kuvutwa kutoka Google. Kwangu sababu iliyo karibu zaidi ni mega za intaneti. Kijana wa hapa ananunua mega za siku moja, na kila skripti inayokwenda ng'ambo na kurudi inakula kwenye kifurushi chake. Analipa mwenyewe gharama ya kufuatiliwa.

Video ya mwenyekiti imekuwa picha yenye kitufe. Haiitwi YouTube mpaka mtu abonyeze, na ikiitwa inatoka youtube-nocookie.com. Mwenyekiti ameuliza kama watu bado watamwona. Watamwona wakitaka.

Takwimu? Kamati inataka kujua watu wangapi wanafungua tangazo gani la kazi. Hilo linasomeka kwenye daftari la seva, ambayo huandika kila ombi hata hivyo. Tumeweka programu ya GoAccess ilisome, na tunakata namba ya mwisho ya IP kabla ya kuhifadhi. Hatutajua kama mtu wa jana ndiye huyu wa leo. Sioni kamati ingefanya nini na jibu hilo.

Imebaki `PHPSESSID`. Inawekwa na programu-jalizi ya fomu ya kujiandikisha, ambayo ina kurasa kadhaa na lazima ikumbuke ulichojaza mwanzo. Hiyo ni sababu halali, ila ilikuwa ikiwekwa kwa kila apitaye, hata aliyekuja kusoma tangazo moja na kuondoka. Sasa inaanza mtu anapofungua fomu. PHP kwa mipangilio yake ya kuzaliwa haiwashi kinga za kidakuzi hiki, kwa hiyo:

`session.cookie_secure = 1`
`session.cookie_httponly = 1`
`session.cookie_samesite = Lax`

Ya kwanza inakataza kisisafiri nje ya HTTPS, ile njia iliyofichwa macho ya watu. Ya pili inazifungia skripti za ukurasani zisikisome. Ya tatu inazuia fomu iliyotegwa kwenye tovuti nyingine isitumwe kwetu kwa jina lako. Mistari mitatu, na mgeni hataona tofauti yoyote. Nikilinganisha na lile tangazo kubwa la kufunika nusu ya skrini, najua kipi ningechagua.

Usiku: nimefuta vyote tena, F12, nimefungua ukurasa wa mwanzo. Orodha tupu.

Ijumaa

Nimekwenda kibanda cha intaneti na fotokopi kilicho karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambako nusu ya wanachama hujiandikishia. Mama mwenye kibanda ana kompyuta nne, moja haina kitufe cha herufi A, watu wanaingiza kalamu kwenye tundu lake. Nimelipa nusu saa, nikafungua tovuti yetu.

Jina la juu kulia halikuwa langu. Kijana aliyekaa hapo kabla yangu alikuwa ameinuka bila kutoka kwenye akaunti, na mimi nikawa yeye: wasifu wake, namba yake ya simu, anwani na nyumba anayokaa, kitufe cha "Hariri". Nikamtolea akaunti, nikamwambia Mama. Hakushangaa.

"Mwana wangu, mashini yangu iko na maisha ya batu mingi." Akafungua folda ya vilivyopakuliwa kunionyesha. Wasifu juu ya wasifu, barua za maombi, vyeti vya shule vilivyopigwa picha, na majina ya faili ni majina ya wenyewe.

Hapa ndipo kazi yote ya wiki ilipopata uzito wake. Kijana yule hatishiwi na kampuni ya matangazo ya Marekani kiasi anachotishiwa na kiti kile cha plastiki. Na hakuna tangazo la vidakuzi, la Ulaya wala la mbinguni, linaloshughulika na kiti.

Kinachotokea ni hiki. Ukiingia WordPress bila kuweka alama ya "Nikumbuke", kidakuzi kimepangwa kufa kivinjari kikifungwa. Ukiweka alama, siku 14. Inaonekana salama. Lakini pale kibandani kivinjari hakifungwi asubuhi hadi jioni, na kikifungwa kwa sababu ya umeme, Chrome iliyowekwa iendelee ilipoishia inavifufua hata vile vidakuzi vilivyopaswa kufa. Upande wa seva, hata bila "Nikumbuke", WordPress inakitambua kikao cha aliyeingia kwenye akaunti kwa siku 2. Namba iko hai kote kote.

Tulichofanya jioni hii, mimi na mdogo wangu tunayefanya naye kazi: kwa mwanachama wa kawaida tumefupisha uhai wa kikao kupitia mpangilio wa WordPress uitwao `auth_cookie_expiration`, na seva yenyewe inakiua akikaa dakika 15 bila kugusa kitu. "Nikumbuke" tumeiondoa kabisa. Kurasa za ndani sasa zinakwenda na `Cache-Control: no-store`, agizo la kukikataza kivinjari kuhifadhi nakala, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurudi nyuma akaona ukurasa wa aliyetangulia. Kitufe cha kutoka kilikuwa kimejificha ndani ya menyu; sasa ni chekundu, kiko juu, kimeandikwa "Toka kabla hujainuka".

Folda ya Mama haiko kwenye seva yetu na hatuwezi kuifuta kwa kuandika programu. Tumekubaliana naye aisafishe kila jioni akifunga hesabu. Ametaka karatasi ya kubandika ukutani, tumemchapia.

Mdogo wangu kagundua jingine. Aliyejenga tovuti alitaka kuwasaidia wanaosahau neno la siri, akawapa kiungo kirefu chenye namba ya siri ndani yake. Ukikibofya unaingia moja kwa moja. Vijana wakawa wanakituma WhatsApp: "ona wasifu wangu". Kila aliyekipokea aliweza kuingia na kuhariri. Watu wanaoamini kidakuzi ndicho shetani wangeshangaa: kidakuzi kilichofungwa vizuri kisingeweza kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Viungo vyote vya zamani tumevibatilisha; kiungo kipya kinatumika mara moja na kinakufa baada ya nusu saa. Cha kushiriki na watu ni kingine, kinachoonyesha wasifu tu, bila simu.

Jumamosi

Kamati nzima, kwenye ukumbi wa shule. Nilidhani tutaongea vidakuzi. Tumeongea fomu, karibu mkutano mzima, na afadhali.

Fomu inadai picha ya kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo inayofanya kazi ya kitambulisho. Pia inauliza mkoa wa asili, wilaya na kijiji. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeviweka. Papa Katibu anadhani vilinakiliwa kwenye fomu ya karatasi ya zamani. "Fomu zote za Kongo ziko hivyo," akasema.

Nikauliza: kampuni gani imewahi kuomba kuona kijiji cha mtu anayetafutwa kuchomelea vyuma? Kimya. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, akasema kwamba mwaka 1992 na 1993 katika mji huu orodha ya nani ametoka wapi haikuwa kitu cha kuacha mezani, na yeye angependa tovuti ya watoto wake isiwe nayo. Hakueleza zaidi, na hapa Lubumbashi hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga miaka ile, kila mtaa una kumbukumbu zao. Sheria ya Ulaya inaiweka asili ya kabila kwenye kundi la taarifa zisizoguswa ila kwa sababu maalumu. Mzee hakuhitaji kuisoma. Swali la asili limeondolewa kwa kura, bila mpinzani.

Kadi ya mpiga kura ilipiganiwa zaidi. Papa Katibu ana hoja: pasipo kadi, watu wa uongo wanajiandikisha. Ni kweli. Ila picha ya kadi haithibitishi kitu kama hakuna anayeilinganisha na uso, na hakuna anayelinganisha. Inakaa tu. Na siku mtu akiingia kwenye seva atakuta jina, sura, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya kila kijana wa Katuba anayetaka kazi, tayari kwa yule anayepiga simu jioni na kusema "umepata nafasi, tuma pesa ya faili". Wanachama wameshazipokea simu hizo, kwa sababu orodha ya zamani ilionyesha namba zao hadharani.

Uamuzi: mtu anakuja na kadi yake ofisini siku moja, katibu anaitazama, anaweka alama "amethibitishwa", kadi inarudi mfukoni. Tovuti inahifadhi alama na tarehe. Namba ya simu haionekani kwa mgeni. Kampuni inaandika ujumbe, mwanachama anaamua kujibu au la. Wasifu usioguswa mwaka mzima unatumiwa onyo, kisha unafutwa.

Jumatatu

Ukurasa wa faragha umewekwa, Kiswahili juu, Kifaransa chini. Kifungu cha vidakuzi kimetoshea hapa:

"Ukisoma matangazo tu, tovuti hii haiweki kidakuzi kwenye simu yako. Ukijaza fomu au ukiingia kwenye akaunti tunaweka vidakuzi vya kukutambua mpaka utoke, au mpaka ukae dakika 15 bila kugusa kitu. Hatuna vidakuzi vya matangazo. Ukibonyeza video, YouTube nao wanaweza kuhifadhi taarifa kwenye simu yako. Ukitaka tukuonyeshe tulichonacho juu yako, tukirekebishe au tukifute, njoo ofisini au tuandikie."

Papa Katibu amemtumia mfadhili kifungu hicho na picha ya orodha tupu ya vidakuzi. Jibu limekuja mchana: wameridhika, ila kwenye karatasi yao kuna kisanduku cha "tangazo lipo / halipo". Papa Katibu amejaza "halihitajiki" kwa kalamu, akagonga muhuri juu yake.

Folda ya picha za kadi imefutwa kwenye seva. Nakala rudufu za zamani ziko kwa kampuni inayotupangisha seva; wamethibitisha kwa barua pepe kwamba zinajifuta zenyewe baada ya siku 30, nimeiandika tarehe kwenye kalenda nikahakikishe.

Tulipokuwa tunafunga, Papa Katibu akakumbuka kwamba walioshindwa kupandisha kadi kwenye tovuti walikuwa wanamtumia yeye, WhatsApp, na simu yake inahifadhi kila picha. Amefungua galeri: kadi, mjukuu, kadi, kadi, harusi ya Likasi, kadi. Amesema atazifuta mwenyewe leo usiku, maana hataki nimfutie mjukuu. Kesho naanza na maneno ya siri ya wasimamizi, manne kati yao bado ni yale yale aliyoyaweka yule kijana.